Jinsi ya Kuhakiki Utambulisho katika Riwaya za Wanawake Weusi wa Marekani

Tahakiki nyingi za riwaya hizi huharibika mapema kwa sababu mhakiki hukimbilia orodha ya dhamira: ubaguzi wa rangi, ukandamizaji wa mwanamke, umaskini, kisha "kutafuta utambulisho" hupachikwa mwishoni kama dhamira ya nne. Kwa waandishi hawa utambulisho umefumwa ndani ya fani. Unajitokeza katika nani anasimulia, nani anampa nani jina, barua inaandikwa kwa nani, na maneno ya nani yanakatizwa. Anza na sauti. Dhamira utazikuta hukohuko.

Kuchagua na kusoma

Kwa anayeanza, riwaya tatu zina mengi ya kushika: Their Eyes Were Watching God ya Zora Neale Hurston (1937), The Bluest Eye ya Toni Morrison (1970) na The Color Purple ya Alice Walker (1982). Katika insha ya maneno 1,500 riwaya moja inatosha. Ukichukua mbili, ziwe zinajibizana juu ya swali moja. Tatu kwa pamoja zitakulazimisha kusimulia hadithi badala ya kuihakiki.

Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma mfululizo bila kalamu, ujue mwendo wa kisa. Kama mnasoma kwa kikundi, waonye wenzako kabla ya kuanza: Pecola wa Morrison anabakwa na baba yake, na Celie wa Walker anabakwa na mtu anayemjua kuwa baba yake. Kurasa hizo hazifai kumkuta mtu bila kutarajia.

Mara ya pili, chora safu nne kwenye daftari: ukurasa, anayesema, anayesemwa au kutazamwa, na kilichobadilika. Kila tukio liandikie mstari mmoja tu. Mistari 30 hadi 40 hutosha kwa riwaya nzima. Ikizidi sana, unanakili kitabu. Kisha chagua vifungu vitatu, kila kimoja kisichozidi nusu ukurasa: pale mhusika anapobandikwa jina au sura na wengine, pale anapotaka kusema akazuiwa, na pale anapojisemea. Usipokipata cha tatu, usikilazimishe. Kukosekana kwake ndiyo hoja yako.

Vifungu vinavyofanya kazi

Tazama ukurasa wa kwanza wa The Color Purple. Celie, msichana wa miaka 14, anaanza kusema yeye ni nani kwa wakati uliopo, maneno hayo yanapigwa mstari wa kufutwa, kisha anasema kwamba siku zote amekuwa msichana mwema. Msomaji wa haraka huuruka mstari ule. Mhakiki hapaswi kuuruka, kwa maana uwezo wa kujisema umefutwa mbele ya macho yetu kabla hata kisa hakijaanza. Sasa fuatilia barua zake. Zile za kwanza anamwandikia Mungu, wala haweki saini. Baadaye anamwandikia mdogo wake, Nettie. Akiwa Memphis, akishona suruali za kuuza, anaweka saini: jina lake, jina la biashara yake na anwani. Ukiweka kurasa hizo mbili sambamba, mstari uliofutwa na saini iliyokamilika, tayari una uti wa mgongo wa insha.

Kwa Hurston, jihadhari na furaha ya haraka. Ni rahisi kuandika kwamba Janie anapitia ndoa tatu na mwishoni anaipata sauti yake. Joe Starks, mume wake wa pili, kweli anamzuia kuhutubia mji na kumlazimisha kufunika nywele zake, na kweli Janie ndiye anayemsimulia rafiki yake Pheoby. Lakini katika kesi ya mahakamani, anaposhtakiwa kwa kumuua mume wake wa tatu, wakati ushahidi wake unaamua uhai wake, maneno yake hayanukuliwi. Tunaelezwa tu kwamba alisema. Insha nzuri hukaa na ugumu huo, hailazimishi ushindi.

Morrison anakwenda upande mwingine kabisa. Anafungua kwa kifungu cha kitabu cha watoto cha kujifunzia kusoma, chenye nyumba nzuri na familia yenye furaha, akikirudia mara tatu: kwanza kikiwa kamili, kisha bila alama za uandishi, kisha bila nafasi kati ya maneno. Mfano wa familia "ya kawaida" unageuka kelele. Pecola, anayeomba macho ya bluu, husimuliwa zaidi na wengine, hasa Claudia, msichana anayesimulia sehemu kubwa ya kisa. Tunapomsikia kwa kirefu akizungumza, amekwisha kurukwa na akili na anazungumza na rafiki wa kufikirika. Hapa kifungu cha tatu hakipo, na si kasoro ya riwaya.

Rangi na jinsia hazijumlishwi

Kosa linalorudi mara nyingi ni kuandika kwamba mhusika "anaonewa mara mbili", kama kwamba unachukua maonevu ya mwanamume Mweusi, ukaongeza ya mwanamke Mzungu, ukapata jibu. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw alionyesha kwa nini hesabu hiyo haisimami. Alichambua kesi ya wanawake watano Weusi dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, iliyoamuliwa 1976. Kampuni haikuwa imeajiri wanawake Weusi kabla ya 1964, kwa hiyo kazi zilipopunguzwa kwa kuangalia nani ameajiriwa siku nyingi, wao ndio walioondoka. Mahakama ilisema wanawake walikuwa wameajiriwa muda wote, ingawa walikuwa Wazungu, na ikakataa kuunganisha madai ya rangi na ya jinsia.

Hamishia hilo kwenye kifungu chako kwa maswali mawili: je, jambo hili lingemkuta mwanamume Mweusi wa hapo vivyo hivyo? Na mwanamke Mzungu? Ukijibu hapana mara zote mbili, umefika penyewe. Jaribu kwa Pauline, mama yake Pecola. Katika nyumba ya Wazungu anakofanya kazi, mtoto wa mwajiri humwita Polly, ilhali binti yake wa kumzaa humwita Mrs. Breedlove, kwa jina la ukoo. Majina hayo mawili yanaeleza kuliko aya nzima juu ya unyonge.

Hakikisha sauti ni ya nani

Usifungue insha kwa kiitikio maarufu, "Ain't I a Woman?" ("Je, mimi si mwanamke?"), cha hotuba ya Sojourner Truth, mwanamke Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, ya Akron, Ohio, 1851, bila kukichunguza. Taarifa ya gazeti iliyoandikwa na Marius Robinson mwaka huohuo haina kiitikio hicho. Kilikuja katika toleo la Frances Gage la 1863, ambalo pia lilimpa Truth lafudhi ya watumwa wa Kusini mwa Marekani, wakati yeye alizaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Ukitaka kukitaja, taja na nani alikiandika. Kwa mada hii, hilo ni kiini cha jambo lenyewe: mwanamke anayedai kutambuliwa anatufikia kwa kalamu ya mwingine.

Kuandika

Gawa maneno 1,500 hivi: 150 za hoja, takriban 350 kwa kila kifungu, na zinazobaki kwa mazingira ya kihistoria na hitimisho. Nadharia iingie baada ya kifungu, si kabla. Ikitangulia, riwaya hugeuka kielelezo chake tu. Tamko la Combahee River Collective, kundi la wanaharakati wanawake Weusi, la 1977 ni fupi, na humfaa anayeanza kuliko vitabu vinene. Jina la bell hooks, mwandishi Mweusi wa nadharia ya ufeministi, liandike kwa herufi ndogo, kwa kuwa ndivyo alivyochagua.

Ukitafsiri nukuu za Celie, usizinyooshe ziwe Kiswahili sanifu. Ndani ya riwaya kuna anayejaribu kumfundisha kusema "vizuri", naye anaona ni upumbavu kutaka mtu aongee kwa namna isiyokaa akilini mwake. Tumia Kiswahili cha mazungumzo, sentensi fupi, na weka nukuu asilia kwenye tanbihi pamoja na ukurasa na mwaka wa toleo ulilosoma, maana kurasa hutofautiana kati ya toleo na toleo.