Waya mtupu na waya wenye ganda: kupima plazma inavyoanza waya unapolipuliwa kwa umeme

Waya mwembamba ukipigwa mkondo wa ghafla ndani ya ombwe, plazma (gesi ya moto iliyochanika kuwa ioni na elektroni, inayopitisha umeme) haianzii ndani ya metali, inaanzia kwenye ngozi. Gesi iliyonata juu ya uso inafumuka pamoja na mvuke wa kwanza wa metali, elektroni zinachomoka, na plazma inatanda. Ukinzani wake ni mdogo kuliko wa waya wenyewe, basi mkondo unahamia huko na kiini kinabaki nusu kimeiva, kimejaa matone. Ganda la poliimidi, plastiki inayostahimili joto, la unene wa mikroni 2 linachelewesha kuhama huko: linazuia elektroni kutoka na kubana mvuke usitanuke mapema. Hizo nanosekunde chache za ziada ndizo zinazoingiza nishati kwenye metali.

Chukua waya wa shaba wa mikroni 25, urefu sm 1. Uzito wake ni mikrogramu 44 hivi, na kuugeuza wote kuwa mvuke kunahitaji takriban jouli 0.23, yaani elektronivolti (eV) 3.5 kwa kila atomu. Andika namba hiyo ukutani, maana kila jaribio utalipima kwayo.

Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwa kV 20, katika saketi yenye induktansi (ukaidi dhidi ya mkondo kubadilika) ya nanohenri 400, inaupandisha mkondo kwa ampea 50 kila nanosekunde. Hizo ni jouli 20 na zinaua. Weka kipinga cha kumwaga chaji moja kwa moja kwenye kapasita, na swichi ya mlango inayokata chaja. Baada ya kila mpigo gusa vituo kwa fimbo ya eathi yenye kipinga, kisha ufunge vituo kwa waya na uuache hapo, kwa sababu kapasita iliyomwagwa inaweza kujirudishia chaji.

Maandalizi ya ncha ndiyo yanayoharibu majaribio mengi. Enameli ya poliuretani, ile wanayoizoea mafundi wa kuwaindi mota, huyeyuka chini ya lehemu ya moto mkali. Poliimidi haikubali, kwa hiyo ikwangue kwa wembe chini ya darubini, milimita 2 kila upande. Usiichome kwa moto: shaba itaota oksidi na kulegea. Kisha lehemu ncha zote. Waya uliobanwa tu hutoa cheche kwenye mguso, na plazma ya hapo hukimbilia waya mzima. Pima ukinzani kwa njia ya nyaya nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kusoma volteji. Utarajie ohmu 0.34. Mita ya kawaida haifai, nyaya zake peke yake zinakaribia kiasi hicho.

Waya mtupu ununue wa kipenyo kilekile, usimenye ule wenye ganda. Shusha ombwe hadi torr 0.0001 au chini yake. Ukitaka kuupasha waya mtupu kwa mkondo mdogo ili gesi itoke kwanza, andika kwamba umefanya hivyo, kwani hapo unalinganisha kitu kingine. Wenye ganda usiupashe, plastiki itaungua. Elektrodi chanya na hasi zisibadilishane nafasi, maana uga wa umeme kwenye uso wa waya unategemea hilo.

Pima mkondo kwa koili ya Rogowski (koili inayozunguka njia ya mkondo bila kuugusa) na volteji kwa kigawanyi cha volteji, kwa kebo za urefu sawa: mita 1 ya ziada huchelewesha ishara nanosekunde 5, na tukio zima ni makumi machache tu ya nanosekunde. Kwenye volteji uliyopima, punguza ile ya induktansi ya waya, ambayo kwa nanohenri 15 ni kama V 750. Zidisha kilichobaki kwa mkondo, ujumlishe kwa muda mpaka pale volteji inapoporomoka; hiyo ndiyo nishati iliyoingia kwenye metali. Hapo ndipo plazma imeshika usukani. Ukiendelea kujumlisha, unahesabu nishati ya plazma ukidhani ni ya metali. Kwenye waya wenye ganda poromoko huja baadaye. Likija mapema mara moja moja, tafuta tundu au mkwaruzo kwenye ganda kabla ya kulaumu vifaa.

Mwanga wa hidrojeni wa nm 656.3 kwenye waya wenye ganda usikushangaze. Ganda hilo lina mikrogramu 2.4 hivi za plastiki yenye hidrojeni ndani yake, zaidi kidogo ya asilimia 5 ya uzito wa shaba, nayo pia hugeuka plazma.