Kula Kimediterania kwa Samaki na Mbaazi za Darajani

Hedhi ikishakoma kabisa kwa umri, estrojeni (homoni ya kike) hushuka, lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) hupanda, na mifupa hupoteza madini kwa kasi. Ulaji wa nchi za Mediterania, yaani samaki, kunde, mboga na mafuta ya zeituni, husaidia hasa moyo, na vyakula vingi tunavyo hapa hapa Unguja, kwenye soko la Darajani.

Anza na mafuta, maana hapo ndipo wengi hukosea: hununua mafuta ya zeituni, kisha huyamimina juu ya mchuzi uliokwisha kuungwa kwa kasimile (tui zito la nazi). Huko ni kuongeza, si kubadilisha, na uzito hupanda. Mbaazi zichemshe kwa maji matupu. Zikiiva tia vijiko 2 vya zeituni, bizari, thomu (kitunguu saumu) na ndimu. Zeituni ikiwa ghali, tumia alizeti bila wasiwasi.

Vibua, jodari au dagaa, kula mara 2 au 3 kwa wiki, si wa kukaanga. Dagaa mle mzima, kwani kalsiamu imo kwenye mifupa yake. Lakini akiwa amechemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, mroweke nusu saa, mwaga maji, wala usitie chumvi tena.

Mchicha kila siku. Korosho kiganja kimoja, zisizo na chumvi. Lengo la kalsiamu ni miligramu 1,200 kwa siku, basi ongeza mtindi usiotiwa sukari.