Kutumia Kibodi na Kipanya Kipya kwenye Kompyuta ya Zamani

Hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na vyuma, na mara nyingi kibodi huharibika huku kompyuta yenyewe ikiendelea kufanya kazi, hasa katika zile ofisi za uwakala wa forodha ambazo zimeitunza mashine kuukuu kwa sababu ya programu moja ya hesabu. Ukienda kutafuta kibodi nyingine katika maduka ya Barabara ya Digo, utakayopewa kwa kawaida ni ya USB, kwa hiyo igeuze kompyuta na uangalie matundu ya nyuma kabla hujatoa pesa.

Ukikuta matundu mawili ya mviringo, la zambarau la kibodi na la kijani la kipanya, hayo ni ya PS/2, aina iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Hapa ndipo watu wengi hununua adapta ndogo ya bei rahisi wakidhani kwamba itatafsiri, ilhali ndani yake hamna kitu ila nyaya nne zinazopita moja kwa moja. Adapta hiyo si mkalimani. Kibodi yenyewe ndiyo inayopaswa kuzijua lugha zote mbili, ya USB na ya PS/2, na nyingi za siku hizi zimeachiwa ile ya USB peke yake. Dalili njema ni pakiti iliyoandikwa PS/2 au iliyotiwa adapta yake humo humo.

Mwombe muuzaji akuruhusu kujaribu. Zima kompyuta kabisa, chomeka, kisha uiwashe na ubonyeze Num Lock: taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kibodi na kompyuta zinaelewana. Kwa kipanya, usidanganywe na ule mwanga mwekundu wa chini, kwani unathibitisha tu kwamba umeme wa volti 5 unafika. Kinachohesabika ni mshale kusogea kwenye skrini. Sisitizo la kuzima si la bure, kwa maana PS/2 haikuundwa ili vifaa vichomekwe mashine ikiwa imewashwa, na kufanya hivyo kunaweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi kuu.

Jaribio likishindikana, itabidi upate kigeuzi chenye chipu, ambacho husoma USB na kuijibu kompyuta kwa PS/2. Kiangalie kwa makini, kwa sababu vingi vinavyouzwa hufanya kinyume: vina matundu mawili ya mviringo na plagi moja ya USB, na kazi yake ni kuunganisha kibodi ya zamani na kompyuta mpya. Unachokitaka wewe kina tundu la USB na plagi ya mviringo. Kwa maoni yangu, kama ni kazi ya ofisi tu, kibodi ya PS/2 ya mtumba iliyo nzima inaondoa usumbufu wote huu.

Kompyuta yenye matundu ya USB haina usumbufu mwingi, ingawa huenda kibodi ikafanya kazi ndani ya Windows na kukataa katika DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri, au kabla mfumo haujaanza. Azima kibodi ya PS/2, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla ya mfumo, na uwashe kipengele kilichoandikwa "USB Keyboard Support" au "USB Legacy Support". Kuanzia hapo BIOS huionyesha kibodi ya USB kana kwamba ni ya PS/2, hata programu ya DOS isitambue tofauti. Ukipendelea isiyo na waya, chagua yenye kipokezi chake cha kuchomeka kwenye USB, maana kompyuta hukiona kama kibodi ya kawaida; ya Bluetooth husubiri mpaka mfumo uwake.

Mashine zenye tundu moja kubwa la mviringo la pini 5 kwa kawaida ni za aina ya AT, iliyoanza mwaka 1984. Lugha yake na ya PS/2 ni moja, kwa hiyo kibodi halisi ya PS/2 hukubali kwa adapta ya kawaida. Kipanya cha mashine hizo huingia kwenye tundu la pini 9 la siriali, na hapo cha USB hakifai kwa adapta ya nyaya tupu. Tafuta kilichotengenezwa kwa ajili ya siriali.