Mkitunga mchezo pamoja, wekeni karani

Kama kikundi chenu kinatunga mchezo kwa kuigiza papo kwa papo badala ya kuanza na hati, mteueni mmoja asiyeigiza siku hiyo awe karani. Arekodi kwa simu, kisha aandike usiku huohuo. Mstari mtamu wa Jumanne ukifika Alhamisi umeshapoa. Pembeni aweke jina la aliyeutoa, maana ugomvi wa nani mwandishi huja pesa zikishaingia.

Kabla ya kulipia ukumbi, uwe National Theatre ya Kampala au wa shule, someni hati mbele ya watu kumi, bila mavazi wala taa. Utani wa Kiganda ukiingia katikati ya Kiswahili, tazameni nani hacheki. Makofi ya marafiki msiyahesabu.