Somo: Kabla hujanunua haski Dar, ipime nyumba yako kwanza

Wadau, wengi mnaulizia bei ya haski, yule mbwa wa nchi za baridi. Bei tuiache kwanza, fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Mjue alikotoka. Haski wa Siberia alifugwa na Wachukchi wa kaskazini-mashariki mwa Siberia ili avute sleji, yaani gari la kuteleza lisilo na magurudumu, masafa marefu kwenye theluji. Mwaka 1925 mbwa wa kazi hiyo walisafirisha kwa kupokezana dawa ya dondakoo hadi mji wa Nome, Alaska. Ana manyoya ya tabaka mbili, na dume hufika kilo 20 hadi 27. Malamute, mbwa mwingine wa kuvuta sleji, ni mkubwa zaidi.

Hatua ya 2: Joto. Hapa ndipo wengi tunapaswa kuishia. Mbwa hupoa kwa kuhema: unyevu wa ulimini na mdomoni ukikauka, unaondoka na joto. Sasa hewa ya Dar imejaa unyevu, kwa hiyo anahema na hapoi vizuri. Desemba hadi Machi mchana unapita nyuzi 30, na usiku haupoi sana. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 anaweza kufa.

Kwa hiyo jiulize: kuna chumba chenye AC atakachokaa mchana kutwa? Umeme ukikatika saa saba wewe uko kazini Posta, nani atawasha jenereta? Kisha nenda uani saa nane mchana, weka kiganja kwenye sakafu. Ukishindwa kukiacha hapo, nyayo zake nazo zitaungua.

Hatua ya 3: Mazoezi na majirani. Anataka kukimbia kila siku, na kwa Dar hiyo ni alfajiri kabla jua halijachomoza. Asipochoka atachimba, ataruka ukuta, na kuku wa jirani hawatapona. Hulia kwa sauti ndefu ya kuvuta. Na jamani, kama unatafuta mlinzi, huyu siye. Mgeni yeyote humchangamkia.

Hatua ya 4: Watu wa nyumbani. Dada wa kazi ndiye atakayeshinda naye. Muulize kabla, hasa kama anaogopa mbwa, au anaswali na hataki mate yamguse.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikimnyoa si atapata nafuu?*
Usimnyoe. Tabaka la nje linamkinga na jua, na manyoya yakiota tena yanaweza kuota ovyo. Mchane kwa brashi, yale ya ndani yaliyokufa yatoke.

*Nimepanga vyumba viwili Sinza, ila nawapenda mno hawa mbwa.*
Dada yangu, usimchukue. Chukua mtoto wa mbwa wa kienyeji, mchanje kichaa cha mbwa, mlishe vizuri. Joto hili amelizoea na atakulindia nyumba.

*Nimeshanunua, ana miezi mitano, mchana anahema sana.*
Kaka, leo hii mwingize ndani, alale kwenye vigae, feni imuelekee, maji yasikauke. Ukimwona anatoa mate mazito, anayumba au anatapika, mmwagie maji ya bomba mwili mzima huku feni inampiga, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo hata kama ameanza kuchangamka. Daktari huyohuyo akupe dawa ya kupe. Kwenye manyoya yale huwaoni mpaka uyatenganishe kwa vidole, hasa nyuma ya masikio na katikati ya vidole vya miguu.