Ubwiri vinyoya siyo fangasi: jua ukoo wake kabla hujanunua dawa

Wakulima wengi wa matango na matikiti wakiona majani yameanza madoa ya njano wanakimbilia duka la pembejeo wanaomba "dawa ya ukungu", wanapewa karbendazimu, wanapiga, wanarudia, hela imeisha na shamba linazidi kukauka. Hapo wengi wanasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzima kabisa, ila ugonjwa wenyewe, ubwiri vinyoya (downy mildew), siyo wa ukoo inaoua.

Zamani wataalamu waliuweka ubwiri vinyoya kwenye fangasi kwa sababu unaota nyuzinyuzi na kusambaa kwa vimbegu vidogo vya hewani, lakini baadaye ikaonekana kuta za seli zake ni za selulosi, siyo za kaitini (kitu kigumu kama cha ganda la wadudu) kama fangasi, na ndugu zake wa mbali ni ule mwani wa kahawia wa baharini. Kundi lake linaitwa oomaisiti. Ndani ya kundi hilo yupo Phytophthora, yule wa baka jani chelewa kwenye nyanya na viazi, na vipimo vya vinasaba vinaonyesha ubwiri vinyoya ulichipuka humohumo kwenye ukoo wa Phytophthora. Ubwiri unga, ule mweupe wa juu ya jani, huo ndio fangasi kweli na dawa zake ni nyingine.

Karbendazimu inakamata protini ya fangasi ambayo kwa oomaisiti haikamatiki, na dawa za jamii ya triazoli zinazuia kutengeneza ergosteroli, mafuta ya utando wa seli za fangasi, wakati oomaisiti hata hawaitengenezi. Kwa hiyo soma kwenye lebo kiambato chenyewe, usiishie kwenye jina kubwa la mbele. Kopa na mankozebu ni za kukinga, pigeni kabla ugonjwa haujashika, na zinazoingia ndani ya mmea ni kama metalaksili, dimethomofu na saimoksanili. Metalaksili iliingia sokoni 1977 na kabla ya 1980 kuisha ubwiri wa matango ulishaanza kuizoea, ndiyo maana nasisitiza sana kubadilisha aina ya kiambato na siyo kubadilisha jina la chupa tu.

Kuutambua, amka mapema umande haujakauka, geuza jani. Kwenye tango utaona madoa yenye kona kona yaliyozuiwa na mishipa ya jani, na chini yake manyoya ya kijivu yanayoelekea zambarau. Saa sita mchana huoni kitu, kwa hiyo kama umechelewa weka jani kwenye mfuko wa plastiki na karatasi iliyolowa kidogo, liache usiku mmoja, manyoya yatatoka yenyewe.

Ukoo huu umegawanyika na kila mmoja ana mmea wake. Pseudoperonospora cubensis ni wa matango, matikiti na maboga, Peronospora destructor ni wa vitunguu, Bremia lactucae ni wa saladi, kwahiyo ubwiri wa kitunguu hauhamii kwenye matango ya jirani. Wa matango bado anatoa vimbegu vinavyoogelea kwenye maji ya jani kama mababu zake, kwa hiyo mwagilia asubuhi na chini kwenye shina, usilaze majani yamelowa usiku. Peronospora wao waliacha kuogelea, kimbegu kinaota moja kwa moja, lakini nao bila jani kulowa hawaingii.

Wote hawawezi kuishi bila mmea hai, wamepoteza hata jeni za kutumia naitrojeni iliyo kwenye naitreti, ila baadhi wanaacha vimbegu vigumu vinavyolala kwenye udongo miaka. Hapa mwenye mahindi awe makini: Peronosclerospora sorghi, ubwiri vinyoya wa nafaka, anakula mahindi na mtama vilevile, kwa hiyo kutoa mtama ukaweka mahindi hapo siyo kilimo cha mzunguko kwa ugonjwa huu. Weka kunde au alizeti, tumia mbegu iliyopakwa metalaksili, na mche ukitoka na majani yenye michirizi myeupe ung'oe mapema, uuchome nje ya shamba.