Namna ya Kutunga Wimbo wa Roki kwa Gitaa la Nyuzi Tano

Uzi mnene wa gitaa lako ukikatika, usilitundike ukutani kumsubiri mtu anayetoka Dar es Salaam akuletee mwingine. Keith Richards, mpiga gitaa na mtunzi wa kundi la The Rolling Stones, aliyezaliwa Dartford, Uingereza, tarehe 18 Desemba 1943, huutoa uzi huo kwa hiari yake, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nyuzi tano zinazobaki zimemtosha kutunga nyimbo zake nyingi mashuhuri.

Chukua gitaa lililotyuniwa kwa kawaida, utoe uzi wa sita, yaani ule mnene. Teremsha uzi wa tano kutoka A hadi G, na uzi wa kwanza, yaani ule mwembamba kuliko zote, kutoka E hadi D. Nyingine tatu usiziguse. Kuanzia mnene, sasa una G, D, G, B na D. Ukipiga bila kubonyeza popote utasikia kodi kamili ya G (siyo ile ya mapato, bali sauti kadhaa zinazolia pamoja). Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyoigawa shingo ya gitaa) upate C, kisha kwenye freti ya saba upate D. Utamu wenyewe, hata hivyo, uko katika vidole vinavyobaki huru: shahada ikiwa imelala kwenye freti ya tano, kidole cha kati kibonyeze uzi wa pili kwenye freti ya sita, na cha pete kibonyeze uzi wa nne kwenye freti ya saba, piga, viinue vidole hivyo viwili, kisha piga tena. Kupanda na kurudi huko ndiko kunakomtambulisha Richards kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sikio lililozoea zeze na ilimba za Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, halitaona ugeni wowote katika nyuzi zinazovuma pamoja namna hii.

Maneno yafuate mdundo huo, na hapa ndipo vijana wengi wanaotunga roki kwa Kiswahili hukosea, kwa kuwa huazima lafudhi ya Kiingereza na kukandamiza silabi ya kwanza. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mstari huu: “Upepo wa Dodoma umenizoea.” Mkono ushuke kwa nguvu kwenye -PE-, kwenye -DO- ya katikati, na kwenye -E- ya mwisho, ambayo unaweza kuivuta upendavyo. Ukigonga “U-” ya kwanza, msikilizaji wa Chang'ombe atadhani unaimba lugha nyingine.

Weka simu ya kurekodia karibu na kitanda. Richards husimulia kwamba mwaka 1965 aliamka usiku, akarekodi vipande vichache vya gitaa, akalala tena. Asubuhi alikuta kanda imejaa mkoromo wake, lakini mwanzoni kulikuwa na mlio uliozaa “(I Can't Get No) Satisfaction”, wimbo uliofika namba moja Marekani. Maneno mengi ya wimbo huo aliyaandika Mick Jagger, mwenzake waliyekutana tena katika stesheni ya reli ya Dartford mwaka 1961. Nawe mtafute mwenzako, ikiwa wewe una sauti za gitaa na yeye ana maneno. (Miaka ya Richards ya dawa za kulevya haina la kumfundisha mtunzi.)

Kabla ya kuusambaza wimbo, andikeni nani anamiliki kiasi gani, muweke saini, kisha mkausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Msione ni urasimu: nyimbo za The Rolling Stones za miaka ya 1960 ziliishia mikononi mwa kampuni ya Allen Klein, aliyekuwa meneja wao.

Gitaa lenyewe lilinde dhidi ya kiangazi chetu kirefu, ambacho hukausha mbao hadi zikapasuka. Lifungie ndani ya mfuko wake pamoja na sifongo yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri na kutiwa katika kijisanduku chenye matundu ili isiguse mbao, na usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani.